Meno Mawili Yasiyoota

Sherbrooke, 12 Novemba 2023

Bibi Rolande mpenzi, shikamoo.

Huku hatujambo. Baba ana mafua yake ya kila Novemba na analala kama mtu anayengoja kuitiwa padri. Mama amepaka sebule rangi ya kijani, yeye anasema ni kijivu, na sisi tumenyamaza ili tupate kula. Babu Ovide mgongo haujambo? Mwambie zile karata mbili alizozikalia Agosti niliziona. Nilimstahi tu kwa sababu ya umri.

Haya, sasa la maana. Najua wewe na simu hamwelewani, unasema inakula maneno, basi nakuandikia. Nimepelekwa kwa daktari wa kupanga meno, Daktari Castonguay, mwanamke mrefu mwenye mikono ya baridi. Akanipiga eksirei. Bibi, kaa chini. Yale meno mawili ya juu, yale ya kila upande wa meno makubwa ya mbele, ambayo Mama kila mwaka anasema "yamechelewa tu, yatakuja", hayaji! Hayapo! Hata ndani ya mfupa hayapo, hayakuwahi kuwepo. Miaka yote hii nimesubiri wageni ambao hawakualikwa. Na si hayo tu: jino moja la chonge limejilaza kaakaani, limejinyoosha kama Babu kwenye kochi baada ya misa, wala halina mpango wa kuamka.

Daktari akauliza, "Nani mwingine katika ukoo?" Baba akacheka, si unajua anavyocheka. Daktari akamrukia: "Baba, hebu cheka tena!" Akamnyanyua masharubu kwa kidole. Kumbe chini yake Baba ana jino dogo, limechongoka, kama punje ya mchele! Daktari alifurahi utadhani ameokota dhahabu. Anasema hilo ni jino lile lile langu, ila kwa Baba liliota nusu likachoka. Anasema ni vinasaba, maagizo tunayorithi kwa wazazi, na hili agizo likitoka kwa mzazi mmoja tu linatosha. Mmoja humkosesha jino, mwingine humpa dogo, mwingine humlaza chonge. Maji hufuata mkondo, Bibi.

Sasa Baba amelitoa wapi? Babu ana meno yake yote isipokuwa yale aliyoyaacha kwenye hoki. Umebaki wewe. Ulizaliwa na meno ya namna gani?

Mjukuu wako,
Delphine


L'Anse-Saint-Jean, 27 Novemba 2023

Mke mwenzangu Delphine,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima. Theluji ya kwanza imeanguka na babu yako tayari amekwisha kugombana nayo. Mgongo wake haujambo akiwa anacheza karata, unauma akiitwa kuosha vyombo. Hizo karata mbili anasema ulikuwa unaota.

Pole kwa hayo ya meno. Lakini huyo daktari wako mwambie asije akatafuta mchawi nyumbani kwangu. Ukoo wetu una meno mazuri. Mimi naona hayo yametoka kwa akina mama yako, kule Alma. Bibi yako Huguette ni mtu mwema, sisemi, lakini wewe umewahi kumwona akicheka mdomo wazi? Mimi sijawahi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mimi nina meno ya bandia tangu nilipoolewa, unajua. Siku hizo ndiyo ilikuwa desturi. Binti akiolewa, baba mwenye huruma anamng'olea meno yote na kumnunulia mapya, ili mume asije akabeba mzigo wa madaktari baadaye. Wenzangu walipewa cherehani. Mimi nilipewa meno. Hata picha zilipendeza. Na yale ya kwanza yalikuwa meno kama ya watu wote, basi.

Nimekuwekea jamu ya bluberi mitungi mitatu. Mmoja babu yako ameshaufungua, kwa hiyo ni miwili.

Bibi yako,
Rolande


Sherbrooke, 9 Januari 2024

Bibi, shikamoo, na heri ya Mwaka Mpya!

Tulilia sana dhoruba ilipotufungia njia. Mwaka Mpya bila pai yako ya nyama si mwaka, ni tarehe tu. Baba alijaribu kupika. Tuliisindikiza kwa heshima hadi kwenye pipa. Halafu akapiga magoti ukutani, upande wa kaskazini mlipo, akaomba kwa mbali ile baraka ambayo Babu hutupa kila Mwaka Mpya. Natumaini ilifika.

Habari ya kwanza: Bibi Huguette amesikia ulichosema. Sijui nani alimwambia (Mama). Amekasirika, weee! Ametuma kwa posta eksirei ya mdomo wake mzima, na barua ya daktari wake wa meno yenye muhuri, kwamba ana meno yake yote ya kuzaliwa na yote yako mahali pake, na miaka yake sabini na nne. Ameandika chini: "Nafunga mdomo nikicheka kwa sababu nilifundishwa adabu." Mama ameiweka kwenye mlango wa friji. Kila nikichukua maziwa, Bibi Huguette ananichekea mifupa.

Habari ya pili, usimwambie padri. Nilikwenda uwanja wa barafu kutazama timu ya hoki ya shule. Wapinzani wetu wa Magog wanakuja na kile kisahani cheusi kinachopigwa, kipa wetu ameanguka chali, goli liko wazi kama mlango wa ghala. Mimi kwa hofu nikapiga mluzi. Unajua ule wangu, hewa inapita katika mapengo yote mawili kwa pamoja. Bibi, wachezaji wote walisimama! Walidhani ni refa! Refa mwenyewe alisimama, akatazama filimbi yake mkononi kama iliyopiga peke yake. Goli halikuingia. Nikatolewa nje na bwana mmoja mnene, na watu wakinipigia makofi. Tulishinda.

Mimi nimefukuzwa uwanjani hadi Machi. Nilirudi nikicheka njia nzima, lakini nimeziba mdomo kwa glavu, kama kawaida yangu.

Delphine


L'Anse-Saint-Jean, 24 Januari 2024

Mke mwenzangu mtukutu,

Baraka ilifika. Babu yako alisema sikio lake lilimuwasha saa hiyo hiyo.

Barafu ya ghuba imekaza na vibanda vya kuvulia samaki vimeshapangwa juu yake. Babu yako amekaa kwenye chake siku nzima, ameleta samaki wawili na harufu ya samaki mia. Mie nimeshinda bingo ya parokia: taa ya mezani yenye umbo la bata. Nitakurithisha ukikosea.

Huyo Huguette ana mambo! Eksirei kwa posta! Haya, mwambie nimeona, nimekubali, meno yake ni mazuri hata kwa ndani. Nilikosea kumsingizia. Umefurahi?

Ama huo mluzi. Binti, msichana akipiga mluzi anamliza Bikira Maria, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na wewe unamliza hadharani tena kwenye hoki! Nilimsomea babu yako barua yako mezani. Alicheka mpaka supu ikamtoka puani. Halafu akaweka kijiko chini, akaniangalia, akavaa koti akaenda kupasua kuni. Kuni tulishapasua zote Oktoba. Alizipasua tena, sasa tuna vijiti vya kuchokolea meno.

Soma vitabu vyako na uache fujo.

Rolande

(Nyuma ya bahasha, kwa penseli, mwandiko mkubwa uliolala:)
Muulize bibi yako nani alikuwa anawaita ng'ombe wa mzee Théodule. Usiseme ni mimi. O.


Sherbrooke, 4 Februari 2024

Bibi, shikamoo, hatujambo, Baba amepona, sebule sasa ni kijani rasmi.

NANI ALIKUWA ANAWAITA NG'OMBE WA MZEE THÉODULE?

Ndege mmoja kaniambia nikuulize. Ndege mwenyewe anaandika kwa penseli.

Halafu nisikilize. Daktari Castonguay amenipa njia mbili. Lile chonge lililolala litafunguliwa fizi, libandikwe mnyororo mdogo wa dhahabu (dhahabu kweli, Bibi! nitakuwa na mkufu mdomoni), livutwe polepole na vyuma mpaka lije kwenye mstari. Hilo halina ubishi. Ubishi ni baada ya hapo. Njia ya kwanza ni kuziba mapengo: machonge yasogezwe mbele, yakae mahali pa meno yasiyoota, yasuguliwe ncha na kujazwa rangi yafanane nayo. Nikifika miaka kumi na saba nimemaliza, siri imezikwa, hakuna atakayejua. Njia ya pili ni kuyafungua mapengo sawasawa na kuyatunza, nivae meno mawili ya bandia kwenye kibati cha kuvaa na kuvua, hadi nimalize kukua, ndipo nipandikiziwe ya kudumu kwenye mfupa nikitaka. Anasema zote ni nzuri kwa mdomo wangu, nichague mimi. Lakini nichague kabla ya mwisho wa Aprili, maana meno yakishaanza safari hayageuzwi ovyo.

Na bado anauliza ukoo. Mimi ndiye ninayeuliza zaidi kuliko yeye.

Delphine


L'Anse-Saint-Jean, 21 Machi 2024

Delphine,

Salamu. Barafu inaanza kulia na vibanda vimeondolewa. Jirani anachemsha utomvu wa miti ya mepo uwe shira, nyumba nzima inanukia sukari. Uliniuliza zamani pai yangu: nyama ya aina tatu, ukate vipande, usisage, ulaze na vitunguu usiku kucha. Viazi uvikate viwe saizi moja na nyama. Moto mdogo, usifunue funue.

Babu yako hajambo. Nimemnyang'anya penseli.

Rolande


Sherbrooke, 30 Machi 2024

Bibi Rolande, shikamoo.

Asante kwa pai. Nimengoja wiki sita nikapata viazi.

Samahani. Nimeandika sentensi hiyo nikataka kuifuta, kisha nimeiacha. Nimekasirika, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hasira ikikaa tumboni inakuwa gesi.

Acha nikwambie jambo ambalo hata Mama simwambii. Shuleni wananiita Sungura. Mimi huwa nacheka nao, natikisa na pua, wanakufa mbavu. Lakini tangu darasa la tano hakuna picha yangu hata moja ambayo mdomo uko wazi. Angalia ile iliyo juu ya piano yako. Watu wanadhani nina maringo. Sina maringo, nimeziba mlango.

Baba anasema jino lake halijawahi kumsumbua, na ana masharubu tangu ana miaka kumi na tisa! Kwa hiyo mtu pekee mwenye mdomo huu waziwazi ni mimi. Nikiziba mapengo, nataka nizibe kwa kuwa napenda, si kwa kukimbia. Nataka tu kujua kama kuna mtu aliyewahi kuwa hivi kabla yangu, akacheka, akapendwa. Ndiyo swali langu lote, Bibi. La ng'ombe ni hilo hilo.

Kama huna jibu, niambie huna. Usinitumie viazi.

Delphine wako


L'Anse-Saint-Jean, 14 Aprili 2024

Mjukuu wangu mpenzi,

Hatujambo. Salamu ziishie hapo, nisije nikakimbilia tena jikoni.

Ni mimi. Ng'ombe wa mzee Théodule niliwaita mimi.

Nilizaliwa bila hayo meno mawili, pande zote mbili, kama wewe. Ya utotoni yalipong'oka hayakuja mengine, na hakuna daktari aliyeniambia kwa nini, wala jina la jambo lenyewe sikulijua mpaka barua yako. Na nilikuwa napiga mluzi, Delphine! Ulivuka mto! Mzee Théodule alikuwa ananilipa kwa siagi: nikisimama barabarani nikapiga mara moja, ng'ombe wake wote wanateremka mlimani wamejipanga kama watawa. Babu yako alikuwa ng'ambo anatengeneza uzio wa baba yake. Siku ya kwanza aliposikia alidhani ni mwanamume. Aliponiona ni mimi, uzio ule ulimchukua msimu mzima kuumaliza.

Alinichumbia vuli, akaenda kukata magogo kambini kipupwe chote. Akiwa huko mama yangu akaniketisha. Akasema, "Mama yake Ovide ni mwanamke wa macho. Akiyaona hayo mapengo atasema utamzalia wajukuu wenye matundu." Ndipo zawadi ya baba ikapangwa. Watu wote walisifu, maana desturi ilikuwepo, na nani angeuliza? Meno yangu mengine yalikuwa mazima, Delphine. Hayakuwa na hata doa. Yaling'olewa yote asubuhi moja ili yale mawili yasiyokuwepo yasionekane. Nililia kwa ajili ya maumivu, ndivyo nilivyowaambia watu.

Tarehe mbili Julai 1966, kanisani, babu yako akainua shela, nikamchekea kwa meno mapya, yamebanana kama mbao za sakafu. Akaniangalia mdomoni kama mtu aliyerudi kwake akakuta mlango umepakwa rangi nyingine. Padri alimuuliza kama ananitaka. Akanyamaza. Padri ikabidi aulize mara ya pili, ndipo akasema ndiyo, kwa sauti ndogo.

Hajawahi kulitaja neno hilo, na mimi sijawahi kumuuliza. Ni mume mwema, tumecheka sana, tumelea watoto. Lakini lile "mara ya pili" nimelala nalo miaka hii yote kama punje ya mchanga kitandani.

Kwa hiyo lilianza kwangu, au kwa aliyekuwa kabla yangu. Nilimsingizia Huguette kwa woga mtupu. Swali lako: ndiyo, alikuwepo mtu wa hivi, alicheka sana. Kama alipendwa, sijui la kukujibu. Anayejua amenyang'anywa penseli.

Bibi yako


Sherbrooke, 5 Mei 2024

Bibi yangu, Bibi yangu, shikamoo mara mia!

Nimelia, kisha nikacheka, kisha nikapiga mluzi dirishani na mbwa watatu wakaja. Wewe ndiye chimbuko langu! Nimemsomea Baba. Akaenda bafuni, akatoka hana masharubu! Bibi, Baba ana mdomo! Mama alipiga kelele kama ameona mwizi. Jino lile la mchele linaonekana kutoka barabarani, na yeye anajichekea kwenye kila kioo.

Daktari Castonguay amekuchora kwenye karatasi ya ukoo: wewe duara juu kabisa, limepakwa wino mweusi, mstari unashuka kwa Baba, unashuka kwangu. Anasema Baba angeweza asilirithi lile agizo na mimi ningeweza nisilirithi, ni kama kurusha sarafu, na kwetu imeangukia upande huo huo mara mbili. Nikamwambia sisi kwa bahati nasibu hatushindwi, bibi yangu ana taa ya bata.

Na nimechagua. Mapengo yafunguliwe na kutunzwa! Mnyororo wa dhahabu uko ndani tayari, unauma kidogo, naongea kama niliyejaza viazi mdomoni. Vyuma vikitoka nitakuwa na kibati changu chenye meno mawili. Nikitaka, navaa. Nikienda kwenye hoki, navua. Ya kupandikiza nitaamua nikiwa mkubwa, na hakuna atakayeniamulia asubuhi moja. Daktari amecheka, anasema hajawahi kupata mgonjwa aliyechagua njia kwa ajili ya mluzi.

Nimepiga picha na vyuma. Imo humu. Mdomo wazi wote! Toa ile ya juu ya piano uweke hii.

Bibi, kuhusu yule aliyenyang'anywa penseli. Mrudishie. Au muulize kwa mdomo.

Sungura wako


L'Anse-Saint-Jean, 3 Julai 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba mara mia na moja. Picha iko juu ya piano. Huguette alipita kututembelea, nikamwomba radhi kwa jamu na kwa maneno, akacheka mdomo wazi kunionyesha. Kweli anayo yote, mjanja yule.

Sasa nisikilize, na usimcheke bibi yako. Mwezi Mei nilimwambia babu yako nakwenda La Baie kubadilisha meno, haya ya sasa yamelegea. Hilo ni kweli. Fundi wa meno ya bandia ni kijana mpole. Nikamwambia, "Nataka mapya, lakini mawili usiniwekee." Nikamwonyesha yapi. Akasema, "Mama, watu huja hapa kuongezewa." Nikasema, "Mwanangu, mimi nimeongezewa vya kutosha." Nikampa picha yako afuatishe.

Yalipokuwa tayari nilifanya mazoezi bafuni, maji ya bomba yanatiririka ili asisikie. Siku za mwanzo ulitoka upepo tu, na mara moja seti nzima ilirukia kwenye beseni. Babu yako akauliza mlangoni kama tumbo linaniuma.

Jana tulitimiza mwaka mwingine wa ndoa. Yeye alikuwa chini kule bandani, ananoa shoka ambalo halina kazi. Nikatoka barazani na gauni langu la buluu. Moyo ulinidunda kama nina umri wako. Nikavuta pumzi, nikapiga.

Delphine, ulivuka mto! Mbwa wa jirani walibweka. Babu yako aliangusha shoka. Akapanda kile kilima na nyonga yake mbovu, hakushika uzio, hakusimama kupumzika, na kofia ikamwanguka akaiacha hapo hapo. Akafika mbele yangu anahema. Nikacheka mdomo wote. Akanishika kidevu kwa mikono miwili, akaangalia upande huu, akaangalia upande ule, machozi yanamtiririka na mzee mzima haoni haya.

Padri hakuwepo, wala hakuna aliyemuuliza chochote. Akasema, "Ndiyo!" kwa sauti iliyomfanya jirani afungue dirisha.

Kwa hiyo lile swali lako, mama, jibu nimelipata. Alipendwa. Sana tu.

Bibi yako mwenye mapengo,
Rolande

(Nyuma ya bahasha, kwa penseli:)
Ng'ombe wamerudi. O.